Mkanda Uliokatika: Kwa Nini Tusk Haikuuza Kama Rumours

Mjomba wangu alikuwa baharia, na muziki wa roki nimeujua kwa mkanda wake mmoja. Akiwa Mombasa anangoja meli, alikaa kwa rafiki yake wa Mji wa Kale aliyekuwa na gramafoni na santuri za bendi moja ya Kizungu, Fleetwood Mac. Mjomba alikuwa na kaseti tupu moja tu, ya dakika 90. Upande wa kwanza akanakili Rumours, albamu ya 1977. Ikaingia yote, dakika kama 40, ikabaki nafasi ya dakika tano hivi ambayo hakuijaza kitu. Ukifika hapo unasikia mvumo mtupu. Upande wa pili akaweka albamu iliyofuata, Tusk, ya 1979. Hiyo ni albamu ya santuri mbili, nyimbo 20, dakika zaidi ya 70. Mkanda ukaisha kwenye wimbo wa kumi na mbili, kabla mwimbaji hajamaliza alichokuwa akisema.

Kwa hiyo nilikulia Wete nikijua Rumours nzima na Tusk nusu. Kwenye karatasi ya kaseti mjomba alikuwa ameandika majina kwa kalamu ya bluu, na hilo neno Tusk lilinisumbua, kwa sababu hakuna mahali kwenye mkanda niliposikia wimbo wenye jina hilo. Siku moja nikamwuliza.

"Mjomba, wimbo wa Tusk uko wapi?"

"Mkanda uliisha, baba."

"Sasa kwa nini hukukata ule wa kwanza?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuukata mkono wake. Rumours haikatwi. Ilikuwa ya kwanza, watu wote wanaipenda, ikaingia nzima. Iliyofuata ikapewa nafasi iliyobaki.

Nimeukumbuka sana mkanda ule tangu nilipoanza kusoma habari za albamu hizi mbili, maana yaliyoipata Tusk madukani Marekani hayako mbali na yaliyoipata kwenye kaseti ya mjomba. Rumours imeuza nakala zaidi ya milioni 40 duniani. Tusk imeuza kama milioni nne. Ni wanamuziki wale wale watano, kampuni ile ile ya Warner, watayarishaji wale wale Ken Caillat na Richard Dashut waliofanya kazi na bendi yenyewe, na kati ya albamu moja na nyingine haikupita hata miaka mitatu. Kwa kila watu kumi walionunua ya kwanza, mmoja ndiye aliyenunua ya pili. Nini kilitokea?

Watu wana majibu yao, na jibu linalorudiwa zaidi ni kwamba Lindsey Buckingham, mpiga gitaa, aliharibu. Sikubaliani nalo, ila lina chembe ya ukweli, kwa hiyo tulianzie hapo.

Mwaka 1978 bendi ilipoingia studio, Rumours ilikuwa imeshapita mauzo ya milioni 10. Ilikuwa imekaa namba moja Marekani kwa jumla ya wiki 31 na kuchukua tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka. Ingekuwa biashara ya maandazi, ungeongeza unga na kuendelea kukaanga. Buckingham alikataa. Wakati ule vijana wa London na New York walikuwa wameleta muziki mkavu na wa haraka, punk na ile iliyoifuata, na yeye akiwasikiliza kina Talking Heads alijiona anazeeka mapema akiwa na umri wa miaka 28. Akataka kufanya kazi nyumbani kwake, peke yake, na mashine ya kurekodi. Alipiga boksi la karatasi za kupangusia pua badala ya ngoma. Aliimba akiwa amejiinamisha sakafuni kama mtu anayefanya mazoezi ya kifua, ili sauti itoke imebanwa. Kazi nyingi zilizobaki zilifanywa studio ya Village Recorder, magharibi mwa Los Angeles, kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili yao, na gharama zikapita dola milioni moja. Kwa albamu ya roki ya wakati ule, hizo zilikuwa fedha za kutisha.

Mick Fleetwood, mpiga dramu ambaye pia ndiye aliyekuwa akiisimamia bendi, alimkingia kifua. Halafu yeye mwenyewe akaleta wazo la ajabu kuliko yote. Alikuwa Barfleur, kijiji cha bandari huko Normandy, Ufaransa, akaamshwa asubuhi na bendi ya matarumbeta inayopita mtaani na watu wote nyuma yake. Akaiweka moyoni. Bendi yao ilikuwa na mdundo mmoja waliozoea kuupiga wakati wa kupima vyombo kabla ya tamasha, na Fleetwood akaona mdundo ule ndio unaohitaji matarumbeta. Juni 1979 wakawakusanya wanafunzi zaidi ya 100 wa bendi ya chuo kikuu cha USC, huko Los Angeles, kwenye uwanja wa besiboli wa Dodger, viti vyote vitupu, wakarekodi. John McVie, mpiga besi, alikuwa safarini baharini, kwa hiyo kwenye filamu ya wimbo ule Fleetwood anaonekana amebeba picha yake ya kadibodi. Huo ndio wimbo wa Tusk, na ndio uliotangulizwa redioni kuitambulisha albamu.

Sasa jiweke mahali pa mnunuzi wa Ohio au Texas. Miaka miwili umeishi na Dreams na Go Your Own Way, nyimbo za Rumours. Unazijua kwa moyo, umependa nazo, labda umeachana nazo. Unasubiri zaidi. Redio inakuletea mnong'ono juu ya ngoma, kelele za watu, kisha matarumbeta ya uwanja mzima. Ukivumilia ukaenda dukani, unaiweka santuri. Wimbo wa kwanza, Over & Over wa Christine McVie, mwimbaji na mpiga kinanda wa bendi, unakupokea kwa upole. Wa pili, The Ledge, unakuja kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi, sauti zimerundikana, gitaa limelegezwa hadi linanguruma kama besi, na dakika mbili tu umekwisha. Mimi niliusikia kwanza nikiwa na miaka tisa, mawe ya redio yakiwa yanakaribia kufa, nikadhani mkanda unakwama. Niliutoa nikauzungusha kwa kalamu ya Bic.

Kwa hiyo ndiyo, muziki ulibadilika, na kuna watu waliondoka kwa sababu hiyo. Lakini hesabu nyimbo. Kati ya 20, za Buckingham ni tisa. Sita ni za Christine McVie na tano ni za Stevie Nicks, mwimbaji mwingine wa bendi, na hizo kumi na moja zote zingeweza kukaa jirani na nyimbo za Rumours bila ugomvi. Sara, wa Nicks, ulifika namba saba Marekani. Hata ule wa matarumbeta ulifika namba nane kule na namba sita Uingereza, ambako albamu yenyewe ilishika namba moja. Marekani ilifika namba nne. Watu hawakuikimbia. Waliisikia, wengi wakaipenda, na bado mamilioni hawakuitoa dukani. Hapo ndipo sababu nyingine zinaanza kuwa na uzito.

Bei, kwa mfano. Santuri mbili kwenye jalada moja ziliorodheshwa kwa dola 15.98, karibu mara mbili ya albamu ya kawaida. Na ulikuwa mwaka mbaya wa kuuza kitu ghali. Mapinduzi ya Iran yalipandisha bei ya mafuta, na santuri hutengenezwa kwa plastiki inayotokana na mafuta hayo hayo. Biashara ya muziki Marekani, iliyokuwa imezoea kukua kila mwaka, ilianguka mwaka 1979. Maduka yalikuwa yamejazwa diski za disko ambazo hazikununuliwa, yakawa yanazirudisha kwa kampuni kwa malori. Kampuni zilifukuza wafanyakazi. Tusk ilitoka Oktoba, katikati ya yote hayo.

Fleetwood mwenyewe alikuwa na sababu yake aliyoishikilia: vituo vya redio vya RKO viliipiga albamu nzima hewani kabla haijaingia madukani, na watu wakakaa na kaseti zao wakainakili bure. Mwaka ule kampuni za muziki zilikuwa na hofu kubwa ya kaseti. Hapa mimi siwezi kukaa kimya, maana ni mtoto wa mkanda wa kunakili. Mjomba hakuinunua Tusk, ni kweli. Lakini hakuinunua Rumours pia. Zote mbili alizichukua usiku mmoja, kwa rafiki mmoja, kwenye kaseti moja. Kama kunakili kungekuwa ndiko kulikoiua albamu ya pili, ya kwanza ingekufa kabla yake, kwa sababu Rumours nayo ilinakiliwa majumbani. Redio ile huenda iliondoa wanunuzi kadhaa wa wiki za mwanzo. Milioni 36 haikuwaondoa.

Na hoja ya bei nayo ina jiwe la kujikwaa. Wiki chache tu baada ya Tusk, mwisho wa Novemba 1979, Pink Floyd walitoa The Wall. Hiyo pia ni santuri mbili na ni ghali, mwaka ni ule ule wa dhiki, na habari yake ni ya huzuni kuliko chochote alichoandika Buckingham. Ikakaa namba moja Marekani wiki 15. Kwa hiyo mnunuzi wa 1979 alikuwa tayari kutoa fedha za santuri mbili. Alitaka kujua anapewa nini. The Wall ni hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho, ina wimbo wa watoto wa shule ambao hata asiyejua Kiingereza anaushika siku ya kwanza. Tusk ni watunzi watatu wanaogeuziana migongo. John McVie aliwahi kulalamika kwamba inasikika kama kazi ya wasanii watatu wa kujitegemea, naye alikuwemo ndani.

Nadhani hapo ndipo penye kiini. Rumours ilikuwa na kitu ambacho hakuna mtu angeweza kukipanga. Wakati wa kuirekodi, kule Sausalito, California, mwaka 1976, John na Christine McVie walikuwa wanaachana baada ya miaka ya ndoa, Buckingham na Nicks nao wanaachana, na ndoa ya Fleetwood inavunjika. Kila mtunzi aliandika wimbo wake, na aliyeandikwa ndani ya wimbo ndiye aliyepaswa kuupiga au kuuitikia. Christine aliandika juu ya mapenzi mapya huku mume aliyemwacha akimpigia besi. Buckingham akaandika lawama kwa Nicks, Nicks akaitikia sauti za nyuma. Sisi wa pwani tunaujua utamu wa mambo hayo vizuri kabisa: ni mafumbo ya taarabu, nyimbo za kurushiana, tofauti ni kwamba waliokuwa wanarushiana wamesimama jukwaa moja. Magazeti yaliandika, watu wakajua nani anamwambia nani. Msikilizaji alinunua nyimbo na kisa vikiwa kitu kimoja, na nyimbo nne zikaingia kumi bora za Marekani, moja baada ya nyingine, mwaka mzima. Kila wimbo ulileta wateja wapya dukani, wakiwemo watu ambao kwa kawaida hawanunui muziki.

Hao wa mwisho ndio ningependa watu wawafikirie. Albamu ikiuza milioni mbili, imenunuliwa na wapenzi wa bendi. Ikipita milioni 10, imenunuliwa na kila mtu: mama anayepewa zawadi, kijana anayeiona kwa jirani, mtu mwenye santuri tano tu nyumbani. Huyo wa santuri tano hakuahidi kununua ya pili. Hakuwa anaifuata bendi, alikuwa anaifuata Rumours. Na mwaka 1979 alikuwa bado anayo, haijachuja, anaiweka kila Jumamosi. Kwa nini atoe dola 16? Mshindani mkubwa wa Tusk alikuwa tayari sebuleni.

Kwetu Pemba, ambako hutoka karafuu nyingi za Zanzibar, hakuna anayeshangaa jambo hili. Mkarafuu ukizaa sana mwaka mmoja, miaka inayofuata hupumzika. Kuna msimu watu wanatandika majamvi hadi barabarani, harufu inakupokea tangu bandarini, shule zinakosa wanafunzi kwa sababu wako juu ya miti. Kisha inakuja misimu ya kuokota kidogo kidogo. Mwenye shamba hasemi mti umeharibika. Anajua msimu ule mkubwa ulikusanya mvua, jua na nguvu za mti za miaka kadhaa. Watu wa kampuni ya rekodi waliuona msimu mkubwa wakaandika bajeti kana kwamba ndio kawaida.

Na ushahidi upo. Baada ya ziara ya Tusk, Buckingham alielezwa na wenzake kwamba safari zile za nyumbani kwake zimekwisha. Amelisimulia jambo hilo mara nyingi, na uchungu wake hauna mafumbo: anaamini kwamba kama ingeuza milioni nyingi, wote wangekuwa upande wake. Bendi ikarudi kwenye ulaini. Mwaka 1982 wakatoa Mirage, santuri moja, bei ya kawaida, nyimbo tamu, hakuna boksi la karatasi wala uwanja mtupu. Ikashika namba moja Marekani kwa wiki tano. Nayo pia haikuikaribia Rumours hata kwa mbali. Basi kama tatizo lilikuwa ujeuri wa Buckingham, utiifu ulipaswa kulitibu, na haukulitibu. Tango in the Night ya 1987 iliuza sana, na hata hiyo haikufika. Hakuna walichofanya kilichofika. Rumours ilikuwa mara moja.

Linaloniumiza ni neno lililobandikwa kwenye Tusk kwa miaka mingi: imeanguka. Milioni nne. Kuna bendi zingelia kwa furaha. Nimeisikiliza mara mamia, na nasema kwa moyo wangu wote kwamba Storms ni wimbo mzuri kuliko chochote Stevie Nicks alichoweka kwenye Rumours, na That's All for Everyone, ule wa sauti zilizopangwa moja juu ya nyingine hadi hujui yupi anaimba, ndio uliofanya nitake kujua watu hutengenezaje muziki. Upande wa kwanza wa kaseti niliujua kwa sababu kila mtu aliupenda. Upande wa pili niliupenda mwenyewe, bila kushauriwa na mtu.

Nusu iliyobaki niliipata Dar es Salaam, chuoni, kwa mwenzangu wa bwenini aliyekuwa na CD. Nikaiweka kwa hamu ya miaka kumi na zaidi, na kabla sijafika kwenye nyimbo ngeni nikakutana na jambo lililonishtua: Sara ulikuwa mfupi. Kwenye mkanda wa mjomba unapita dakika sita. Pale uliisha dakika ya nne na kitu, na ile sehemu ya katikati inayoelea haimo. Nikadhani masikio yangu yamechanganyikiwa. Baadaye nikajua kwamba CD ya kwanza ya albamu hii, ya mwaka 1987, iliwekwa Sara uliopunguzwa ili nyimbo zote 20 zienee kwenye diski moja. Hata huko, miaka minane baadaye, Tusk ilikuwa bado inakatwa ili itoshe nafasi.

Binti wa dada yangu ana miaka 17. Anaijua Dreams vizuri sana. Aliipata mwaka 2020 kwenye video ya TikTok ya yule bwana wa Marekani anayeteleza barabarani juu ya ubao wa magurudumu huku anakunywa juisi, video iliyourudisha wimbo kwenye chati baada ya miaka 43. Nilipomwambia kwamba bendi hiyo ina albamu nyingine ninayoipenda zaidi, akaniuliza ina wimbo gani anaoujua. Nikakosa jibu la kumpa. Nikasema ni wa matarumbeta, akacheka, akarudi kwenye simu yake.

Mwaka jana nilikwenda Wete kumwona mjomba. Ameacha bahari siku nyingi, magoti yanamsumbua, masikio bado mazima. Ile kaseti haipo tena, ilifungamana ndani ya redio na kukatika vipande. Jioni tukiwa barazani nikamwekea kwenye spika ndogo ule wimbo ambao mkanda wake haukuufikia. Akasikiliza mnong'ono na ngoma, kichwa amekiinamisha. Matarumbeta yalipoingia akanyanyua uso.

"Hii beni," akasema. "Hii beni ya harusi kabisa."

Na ni kweli. Ukiitoa ile sauti kwenye uwanja wa Los Angeles na kuipitisha kwenye kichochoro cha Ng'ambo na bibi harusi nyuma yake, hakuna atakayeuliza imetoka wapi. Nilikuwa nimesikiliza wimbo ule miaka ishirini bila kuliona hilo. Mjomba alitaka kusikia zaidi. Nikamwuliza nianzie wapi.

"Palipokatika," akasema.

Nikautafuta wimbo wa kumi na mbili, That's Enough for Me. Hauzidi dakika mbili. Tuliusikiliza hadi mwisho, na ulipoisha akanyoosha kidole kwenye simu niuache uendelee.